Rita Moreno alikuwa sahihi kuwaambia wasubiri?

Wakuu, hili limenikaa kooni tangu juzi nilipoirudia West Side Story ya 1961, filamu ya muziki kuhusu magenge ya vijana wa New York, moja la Wapuerto Rico.

Rita Moreno, mzaliwa wa Humacao, Puerto Rico, ndiye aliyecheza Anita, mwanamke wa Kipuerto Rico humo, akabeba Oscar mwaka 1962. Amesimulia mara nyingi kwamba Wapuerto Rico wote wa filamu ile walipakwa rangi moja, nyeusi kuliko ngozi yake. Alipolalamika kwamba kwao watu wana rangi kila namna, mpakaji akamuuliza kama yeye ni mbaguzi! George Chakiris, mwigizaji mwenzake, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, naye alichovywa humohumo. Itazameni ngoma ya juu ya paa, nyuso zote chungu kimoja.

Sasa njooni Juni 2021. In the Heights imetoka, filamu ya muziki kuhusu Washington Heights, mtaa wa New York wenye Wadominika wengi, yaani watu wa asili ya Jamhuri ya Dominika. Watu wakauliza, weusi tii wa mtaa ule wako wapi? Wapo, ila wengi wako nyuma wakicheza. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa muziki wake, akaomba radhi. Moreno, bibi wa miaka 89, akaenda kwenye televisheni kumtetea: si mngesubiri kidogo? Haikupita muda naye akaomba radhi.

Mimi nasema alikosea. Aliyepakwa weusi wa kopo anamwambia mweusi wa kuzaliwa angoje! Na sisi tunaojua mkorogo unauzwa duka gani tusijifanye wageni wa jambo hili.

— Mleta mada, unamwonea bibi wa watu. Anthony Ramos, nyota wa In the Heights, ana asili ya Puerto Rico, humo kacheza Mdominika, mbona hilo hulisemi? Kuigiza ni kuigiza.

— Mkuu, sijamkataza mtu kuigiza. Nauliza nani anaitwa kazini. Moreno mwenyewe anasema baada ya Oscar aliletewa filamu za magenge tu, yaani Anita yuleyule kabadilishwa jina. Halafu kuna hili: kwenye West Side Story mpya ya mwongozaji Steven Spielberg, Moreno akiwa mmoja wa watayarishaji, Anita alipewa Ariana DeBose, mweusi mwenye asili ya Puerto Rico, naye akaondoka na Oscar. Filamu hiyo ilipigwa 2019. Kwa hiyo siku anasema wasubiri, Anita mweusi alishamwona kazini kwa macho yake.