Mrejesho: poda ya mama na madai ya fidia

Ndugu zangu, nimerudi. Niliwauliza kama mama, aliyepata saratani ya ovari huku Marekani baada ya kujipaka poda ya talki (madini laini yaliyosagwa) miaka mingi, anaweza kudai fidia. Mlionisisitiza tuwahi wakili, Mungu awabariki. Hakutudai hata senti; atakata asilimia yake tukilipwa. Kwanza alitaka majibu ya maabara na tarehe mama alipoambiwa ugonjwa, maana muda wa kufungua kesi una ukomo. Tukampa na kopo la zamani, poda imegandia kwenye vitundu. Mwaka 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliiweka talki kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Kesi imefunguliwa. Mama kamaliza dripu ya sita jana, amelala.