Kahawa ya ngawa: inafaa kutolewa hela, au ni kiini macho?

Mpenda_Chungu:
Wakuu, hili tuliweke mezani. Kopi luwak, kahawa ya ngawa kutoka Indonesia: kifuko cha gramu 100 kinakimbilia bei ya gunia la mahindi. Kwa asiyejua, mnyama anakula buni mbivu, nyama ya tunda inaishia tumboni, punje zinatoka kwenye kinyesi zikiwa bado ndani ya ganda lake gumu. Zinaokotwa, zinaoshwa, zinaanikwa, zinakobolewa, zinakaangwa. Swali ni moja tu: mtu aijaribu angalau mara moja, au abaki na hela yake?

KaangoJepesi:
Si uongo mtupu. Marcone wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alizipima 2004 akakuta sehemu ya protini za punje imevunjwa na tumbo. Protini zinachangia uchungu wakati wa kukaanga, kwa hiyo kikombe kinatoka laini. Shida ni kwamba na ule uchachu mzuri wa arabika (moja ya aina kuu mbili za kahawa, nyingine ni robusta) unafifia. Unalipia kilichopungua. Halafu nyingi zinakaangwa mpaka punje inatoa mafuta; hapo hata zingepita kwa twiga utakunywa moshi tu.

Asiye_na_Haraka:
Samahani, ngawa au fungo?

Dalali_wa_Kahawa:
Mwite upendavyo. Tatizo ni feki. Punje ikishakobolewa na kukaangwa hakuna jicho la kuitambua. Wa porini anajichagulia buni iliyoiva barabara. Wa kwenye kizimba anakula anacholetewa, anazunguka palepale mpaka anajing'ata. BBC, 2013 kama sikosei, walionyesha mzigo wa vizimbani ukipita kama wa porini. Na Tony Wild, mfanyabiashara wa kahawa aliyeipeleka Uingereza 1991, ndiye huyohuyo aliyekuja kuipiga vita. Isitoshe, nyingine ni robusta, na robusta si kahawa, ni dawa ya kufukuza usingizi.

Nshomile_Halisi:
Ya ngawa umeyasema vizuri, ila hapo mwisho umejichafua. Kagera inalima robusta, na mgeni alikuwa akikaribishwa kwa akamwani, buni kavu ya kutafuna, kabla hata ya huo ngawa wako kupata soko Ulaya. Buni inachumwa mbichi, inachemshwa na majani ya dawa, inakaushwa. Robusta ina kafeini asilimia 2 na ushee, arabika 1.2 hivi, ndiyo maana wadudu hawaipendi sana. Inayonuka gunia imeharibiwa na mikono: mtu anakwanyua tawi zima, mbivu na mbichi pamoja, anaanika chini kwenye udongo. Chuma nyekundu tu, anika juu ya chanja, tabaka lisizidi sentimita 4, geuza mara kwa mara, funika usiku na mvua ikinusa, koboa unyevu ukifika asilimia 12. Ukikoboa kabla inaota ukungu ghalani. Waitaliano wanaichanganya kwenye espreso makusudi, ilete povu zito.

Dalali_wa_Kahawa:
Povu naliona mkuu, limefika mpaka kwenye skrini.

Kibosho_Juu:
Hahaha. Swali la ngawa, mtani kashafika Bukoba. Nshomile ni Nshomile tu. Mnaotaka kahawa ya bei mbaya yenye sababu, kuna Geisha, aina ya arabika. Mbegu ilitoka Ethiopia miaka ya 1930, ikapita kituo chetu cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, Kilimanjaro, ikafika Costa Rica 1953, kisha Panama. 2004 ikashinda mashindano ya Panama, na 2025 kilo moja ilipigwa mnada kwa dola 30,204, ikaenda Dubai. Harufu ya yasmini na chai, bila kupita tumbo la mtu.

Nshomile_Halisi:
Mtani, ilipita Lyamungu kama abiria anavyopita stendi. Mbona hamkuipanda?

Kibosho_Juu:
Ilipelekwa huko kwa kuvumilia ugonjwa wa kutu ya majani, si kwa ladha. Matawi yake yanakatika kirahisi na mazao ni haba. Mkulima anayelipwa kwa kilo ataipandia nini?

Nshomile_Halisi:
Kwa hiyo mnajivunia mlichokiachia.

Bi_Shangani:
Nyote mwazozana na hamna anayekunywa. Kahawa ni ya dele, birika lake la makaani. Maji lita moja na tangawizi kavu kipande cha kidole gumba, iponde, si kuisaga. Yakishachemka tia kahawa iliyotwangwa vijiko vikubwa vitano na iliki nne. Ikipanda, punguza makaa, iache dakika kumi ijivute, ondoa jikoni itulie tano. Sukari hapana, kashata pembeni.

KaangoJepesi:
Shikamoo Bi. Kwa heshima yako, dakika kumi motoni zinakamua kila kitu, uchungu mpaka ukakasi. Na tangawizi inafunika. Humo hata luwak ya porini haitaonekana.

Bi_Shangani:
Marahaba mwanangu. Ukakasi waletwa na moto wa fujo na kahawa iliyosagwa ikawa vumbi. Vumbi halitui, wanywa matope. Kahawa chungu haifichwi, yafuatwa hivyo hivyo. Sijasikia mtu barazani akiuliza imetoka kwa mnyama gani.

Mpenda_Chungu:
Jamani, swali langu?

Dalali_wa_Kahawa:
Haya. Usinunue iliyosagwa, wala isiyo na tarehe ya kukaangwa. Ya kulinganisha nayo, tafuta arabika safi ya kawaida kutoka kisiwa kilekile cha Indonesia ilikotoka luwak yako, ikaangwe kiwango kilekile. Weka vikombe vitatu, viwili vya aina moja, kimoja cha nyingine, mwenzako avipange usione. Kila kimoja kahawa gramu 8.25, maji mililita 150 ya nyuzi 93, dakika 4, vunja kwa kijiko ukoko wa kahawa ulioelea juu, engua povu, subiri ipoe kidogo; ya moto sana zote zinafanana. Tafuta kilicho tofauti. Rudia mara sita. Anayebahatisha tu atapata kama mbili, kwa hiyo ukipata mbili hela yako imeliwa.

KaangoJepesi:
Na ukipata sita bado hujajua kama ni ngawa au ni shamba tofauti.

Nshomile_Halisi:
Kwenye hivyo vikombe tia na robusta ya Kagera iliyochumwa nyekundu. Dalali akiitambua nafuta maneno yangu.

Dalali_wa_Kahawa:
Nitaitambua kabla ya kunywa.

Bi_Shangani:
Na huyo aliyeniandikia pembeni kuhusu tangawizi mbichi: hapana. Hiyo ya chai.