Faiba ya kukodi, redio au VPN: ofisi mbili, kilomita 10

Nahodha_Waya
Wakuu, habari za kazi. Nina ofisi mbili zilizo kilomita 10 mbalimbali. Seva ya hesabu iko makao makuu, tawini kuna watu 25 na simu za IP. Nimeziunganisha kwa VPN (njia ya faragha iliyosimbwa) ya WireGuard juu ya intaneti ya kawaida. Ping (pakiti ndogo ya kupima mawasiliano) inakwenda vizuri na watu wanaingia kwenye seva, lakini wakifungua faili kubwa, linaganda. Bosi anataka nichague: faiba ya kukodi, redio ya paa kwa paa, au nibaki na VPN. Naomba ushauri wa aliyewahi kufunga.

Mama_Swichi
Faiba, kama inafika pande zote mbili. Kwa kilomita 10 mwanga unatumia kama mikrosekunde 50 tu, na kasi haipandi na kushuka kutwa nzima. Soma mkataba vizuri kwenye kipengele cha muda wa matengenezo kebo ikikatwa, maana hapo ndipo tofauti ya mtoa huduma na mwenzake inapoonekana. Halafu kuna jambo linalosahaulika sana: laini ya kukodi haifichi data yako. Bado inapita kwenye vifaa vya mtu mwingine. Mimi huweka IPsec, yaani usimbaji wa data, juu yake kila mara.

Antena_Juu
Redio msiidharau. Lakini kuona paa la pili kwa macho hakutoshi. Kwa masafa ya 5.8 GHz na umbali huo, eneo la Fresnel (nafasi inayouzunguka mstari wa mawimbi) katikati ya njia lina nusu kipenyo cha mita 11 hivi, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Yaani karibu mita 7 chini ya mstari kusiwe na mti wala jengo. Niliwahi kufunga kiungo wakati wa kiangazi kikawa safi kabisa. Miti ilipochipua majani, mawimbi yakadhoofika hadi tukaongeza urefu wa mlingoti. Mvua haiisumbui sana 5.8, ila kwenye 60 au 80 GHz inauma kweli.

Pakiti_Ndogo
Ndugu Nahodha, usisaini chochote kwanza. Ping ndogo kupita na faili kubwa kuganda ni dalili ya tatizo la MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita. WireGuard inaongeza baiti 60 kwa kila pakiti juu ya IPv4, na 80 juu ya IPv6, ndiyo maana MTU yake ya kawaida ni 1420. Kompyuta za ofisini zinatuma pakiti za 1500. Ruta inapaswa kuzijibu kwa ICMP (ujumbe wa taarifa za mtandao, ambao ping pia huutumia) kwamba zipunguze ukubwa. Faiawoli ikizuia ICMP hiyo, kompyuta haziambiwi kitu na zinaendelea kutuma pakiti zisizofika.

Pima hivi: kutoka kompyuta ya tawini, piga ping kwenda kwenye seva ukikataza pakiti isikatwe vipande, anza na baiti 1472, shuka mpaka ipite. Jumlisha 28, hiyo ndiyo MTU yako. Kisha kwenye ruta punguza MSS ya TCP (kiasi cha juu cha data ndani ya pakiti moja) iwe MTU ukiondoa 40.

Nahodha_Waya
Nimerudi. 1392 inapita, 1393 haipiti. Nimeweka MSS 1380 kwenye ruta zote mbili na mafaili yanafunguka! Nilikuwa nimefunga ICMP yote isipokuwa ping nikidhani naongeza usalama. Asante sana, mkuu. Ila simu bado zinakatakata saa za asubuhi.

Pakiti_Ndogo
Hiyo sasa ni intaneti yenyewe kuzidiwa, na MSS haitaitibu. Ipe sauti kipaumbele kwenye ruta, lakini kipaumbele chako kinaishia mlangoni kwako. Kwa simu za watu 25 ningekubaliana na Mama_Swichi.

Mama_Swichi
Ukienda faiba, siku ya kukabidhiwa kagua bandari za pande zote mbili. Upande mmoja ukiwekwa 100 full (Mbps 100, kutuma na kupokea kwa pamoja) kwa mkono na mwingine ukaachwa ujipange wenyewe, ule wa pili utaangukia half (kutuma na kupokea kwa zamu): ping itapita, kasi itakufa, na makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) yatapanda. Tumia iperf, programu ya kupima kasi, mbele ya fundi wao, kabla hujaweka sahihi. Na hiyo VPN usiibomoe, iache iwe njia ya akiba.

Antena_Juu
Ila uliza kama intaneti hiyo na faiba zinapita mtaro mmoja. Kama ni mmoja, koleo moja litazikata zote mbili, na hapo akiba yako iwe redio.