"Charge" moja, maana lukuki: mnaitafsirije?

Mfasiri Sinza
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi tatu mezani: mkataba wa mkopo, hati ya mahakamani na kijitabu cha betri ya sola. Zote zimejaa neno "charge". Kamusi inanipa toza, shtaki, chaji, shambulia, ada, dhamana, uangalizi. Nitajuaje lipi ni la wapi? Kwenye mkataba kuna "fixed charge". Nimeandika "ada isiyobadilika" lakini sentensi haieleweki.

Karani wa Kisutu
Ndugu, anzia kwenye asili. Neno hili Waingereza walilipata kwenye Kifaransa cha zamani, nacho kililitoa kwenye Kilatini "carricare", yaani kupakia gari mzigo. "Cargo", ile shehena ya bandarini, ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo jiulize: nani katwishwa, na katwishwa nini? Akitwishwa bei, katozwa. Akitwishwa tuhuma, kashtakiwa. Betri ikitwishwa umeme, imechajiwa.

Kisha tazama kijineno kinachofuata. "Charge with" pamoja na kosa ni kushtaki. "Charge for" ni kutoza. "Charge to" ikifuatwa na akaunti ni kuingiza gharama kwenye akaunti hiyo. "Charge over" ikifuatwa na mali ni dhamana, na hapo ndipo ulipoteleza. Katika mkataba wa mkopo, "fixed charge" ni dhamana iliyoshika mali iliyotajwa, tuseme jengo au mashine, na mkopaji haiuzi bila ridhaa ya benki. Mwenzake, "floating charge", hushika mali inayoingia na kutoka, kama bidhaa za ghalani: kampuni inaendelea kuuza, ila ikishindwa kulipa, dhamana inatua juu ya kilichopo wakati huo. Andika "dhamana mahususi" na "dhamana inayoelea", ufafanue zinapotokea mara ya kwanza. Ile "ada isiyobadilika" yako itafaa kwenye bili.

"Charge sheet" ni hati ya mashtaka, basi.

Fundi Betri Gerezani
Kwenye kijitabu tenganisha kitendo na kiasi. "Charge the battery" ni chaji betri. "50% charge" ni kwamba betri ina nusu ya chaji. Tafsiri za mashine huandika "toza betri", uwe macho.

Angalia pia "charge voltage 14.4 V". Hizo ni volti za kuchajia. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa bila kazi, husoma kama 12.7. Ukiandika "volti za betri ikijaa: 14.4", mteja atapima, aone 12.7, adhani haijajaa. Atazidi kuichaji, maji ya betri yatapungua na plate zitaharibika. Kosa la neno moja linaua betri nzima.

Mwalimu Temeke
Msisahau "in charge". Serikalini neno lipo tayari: mfawidhi. Mganga Mfawidhi, Hakimu Mfawidhi, Jaji Mfawidhi. Ila kuna mtego: "the nurse is in charge of the child" ni muuguzi ndiye msimamizi wa mtoto; "the child is in the charge of the nurse" ni mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Kile kijineno "the" kinageuza nani anamwangalia nani.

Mfasiri Sinza
Asanteni sana, nimerekebisha. Na "discharge" je?

Karani wa Kisutu
Hapo mzigo unatuliwa. Meli inashusha shehena, mgonjwa anaruhusiwa kutoka wodini, betri inaisha chaji, mkopo ukilipwa dhamana inafutwa. Mahakamani kuwa makini: "discharged" andika "ameachiwa", usiweke "huru". "Ameachiwa huru" iwe ya "acquitted", ambaye hashtakiwi tena kwa kosa hilohilo. Aliyeachiwa tu baada ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) kuondoa kesi bado anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile.