Kiumbe wa ulimwengu mwingine kwa maonyesho ya shule: Titan, Europa au Proxima Centauri b?

Mwalimu_Kikuyu: Ndugu wanajukwaa, klabu yetu ya sayansi hapa Dodoma inahitaji sanamu ya kiumbe wa kubuni ambaye umbo lake limetokana na mazingira ya kwao, nami sina budi kumpa fundi mchoro kabla ya Ijumaa. Mngechagua makazi yapi kati ya haya matatu: Titan (mwezi wa sayari ya Zohali), Europa (mwezi wa sayari ya Mshtarii) au Proxima Centauri b (sayari inayozunguka nyota nyingine, si Jua letu)?

Binti_Kondoa: Mwalimu, hujasema kama anatembea, anaogelea au anaruka, wala sanamu itakuwa na ukubwa gani. Mimi naipendelea Titan: nguvu yake ya mvutano ni takriban sehemu moja ya saba ya ile ya Dunia, ilhali hewa yake ni nzito kuliko yetu, hivyo hata kiumbe mnene angeruka kwa mabawa madogo. Ila kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri maji ni barafu ngumu kama mwamba na kinachotiririka ni methani, ambayo kwetu ni gesi, kwa hiyo asipewe damu kama yetu.

Fundi_Chamwino: Ukubwa kwanza. Shule moja iliwahi kuniagiza mnyama wa saruji mwenye miguu minne, kisha mkuu wao akataka vipimo vyote viongezwe maradufu. Nilimweleza kwamba uzito utaongezeka mara nane ilhali eneo la miguu linaloubeba litaongezeka mara nne tu, akaniambia nisimfundishe hesabu. Tulipoondoa mbao, miguu ya mbele ilipasuka magotini, mgeni rasmi akiwa amesimama pale pale. Mwanasayansi Galileo alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1638 alipoandika kuhusu mifupa ya wanyama wakubwa. Mvutano ukiwa mkubwa, chora miguu mifupi na minene.

Mzee_Mpwapwa: Basi chagueni Europa, ambako inaaminika kuna bahari chini ya barafu, kiumbe anayeelea hahitaji miguu, na gizani macho hayana kazi. Papa na pomboo si ndugu wa karibu, lakini maji yamewachonga umbo moja.

Binti_Kondoa: Mzee wangu, macho usiyang'oe haraka, samaki wengi wa vilindini hujitolea mwanga wao wenyewe.

Mzee_Mpwapwa: Mwanga huo unamfaa nani kabla hajatokea wa kuuona?

Msomi_Ihumwa: Mmeisahau Proxima Centauri b. Mwaka wake ni siku 11 hivi, na huenda upande wake mmoja unaikabili nyota daima. Kwa upande huo wa joto, tazameni digidigi wa vichaka vyetu, ambaye pua yake ndefu hupoza damu anapohema.

Mwalimu_Kikuyu: Ahsanteni. Ni sanamu ya saruji, kimo mita mbili, na wanafunzi wanataka atembee.

Fundi_Chamwino: Mita mbili! Nondo mmenunua za milimita ngapi?