Kula baa au kupika nyumbani hapa Uingereza: ni mlo gani unaostahili bei yake?

Mama Wawili (mleta mada)

Wadau, habari za wakati huu. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo mimi na mume wangu tumelijadili kwa muda mrefu bila kuafikiana. Tunaishi kaskazini mwa Uingereza, katika mji mdogo wenye baa kadhaa zinazopika chakula, na mwisho wa wiki familia yetu hupenda kutoka kwenda kula. Mume wangu anashikilia kwamba mlo wa baa ni mapumziko tunayoyatolea jasho wiki nzima, na kwamba si haki kuupima kwa bei ya viazi dukani. Mimi napenda kutoka kama yeye, lakini nikiitazama bili ya watu wazima wawili na watoto wawili, ambayo mara nyingi hupita pauni 60, najiuliza kama tulichokula hakingeweza kutoka katika jiko letu kwa robo ya gharama hiyo, na pengine kikawa kitamu zaidi.

Sikusudii kuacha kabisa kula nje. Ninachotaka kujua ni namna ya kuchagua: ni vyakula gani vya baa ambavyo kweli vinamshinda mpishi wa nyumbani, na ni vipi ambavyo tunavilipia kwa sababu tu hatukutaka kuwasha oveni? Mlo ninaoupenda kuliko yote ni pai ya nyama ya ng'ombe yenye mchuzi mzito, ikiletwa pamoja na viazi vya kuponda na kabichi. Mume wangu haagizi kitu kingine ila samaki na chipsi. Atakayejibu naomba ataje na mlo wake, pamoja na sababu ya kuuchagua.

Mpishi wa Zamu

Dada Mama Wawili, nimefanya kazi katika majiko ya baa kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekaa upande wa ndani wa mlango. Katika suala la bei na thamani, mumeo amechagua vizuri kuliko wewe, nami naomba nieleze kwa nini.

Samaki wa kukaangwa katika rojo la unga anahitaji mafuta mengi yenye joto lisiloyumba, karibu nyuzijoto 180. Mashine ya kukaangia ya baa hubeba lita nyingi za mafuta na ina kidhibiti cha joto, hivyo mnofu wa samaki ukitumbukizwa joto hushuka kidogo na kurudi upesi, na rojo hukauka na kuwa ganda kabla halijapata nafasi ya kunywa mafuta. Sufuria ya nyumbani hubeba lita mbili hivi. Ukitia minofu miwili ya baridi, joto huanguka kwa kiasi kikubwa na samaki hulowa. Chipsi nazo zikipikwa ipasavyo hukaangwa mara mbili: kwanza kwa joto la chini, karibu nyuzijoto 140, ili kiini kiive, kisha zinapumzishwa na kurudishwa katika mafuta makali zipate rangi na ukavu wa nje. Nani atafanya haya yote nyumbani kwa watu wanne, kisha abaki na mafuta machafu ya kutupa na harufu ya siku mbili kwenye mapazia? Tena sufuria ya mafuta ya moto ni hatari ya moto katika nyumba yenye watoto. Ukilipa pauni 16 au 17 kwa mlo huu, umelipia kifaa na ustadi ambao huna nyumbani, na hilo ni jambo la haki kabisa.

Pai ni habari nyingine. Nyama inayofaa ni ile ngumu na ya bei nafuu, hasa ya muundi, ambayo ina kolajeni nyingi, yaani ile protini inayoifanya nyama kuwa ngumu. Kolajeni hiyo hugeuka jelatini polepole nyama inapochemka kwa moto mdogo kwa saa tatu hivi, na hapo ndipo mchuzi unapopata ule uzito unaoupenda. Kazi hiyo haihitaji ustadi mkubwa wala kifaa maalumu, inahitaji muda tu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mpishi anaweza kuwa anafanya shughuli nyingine. Isitoshe, nyama hiyo ikilala usiku mmoja kwenye friji huwa tamu zaidi, na ukipika sufuria kubwa unaweza kugandisha nusu yake.

Kuna na jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Katika baa nyingi, hasa zile zilizo chini ya kampuni kubwa, pai hufika ikiwa imeshatengenezwa kiwandani, na kazi ya jikoni ni kuipasha moto. Sisemi kwamba pai hizo zote ni mbaya, lakini hakuna sababu ya kuzilipia kama chakula kilichopikwa pale pale. Dalili ya kwanza ni menyu ndefu. Jiko lenye wapishi wawili haliwezi kupika vyakula 40 tofauti kuanzia mwanzo, ilhali menyu fupi inayobadilika, ambayo saa mbili usiku baadhi ya vyakula vimeshafutwa kwa sababu vimekwisha, ni ishara njema sana. Na usione haya kuuliza kaunta unapoagiza, "Pai hii inapikwa hapa?" Katika majiko niliyofanya kazi, wahudumu walijibu ukweli walipoulizwa waziwazi.

Mlo wangu ni samaki aina ya haddock na chipsi, pamoja na njegere za kuponda. Watu wa kusini humpenda zaidi samaki aina ya cod, lakini huku kaskazini haddock ndiyo hutawala, nami nakubaliana na kaskazini kwa sababu nyama yake ina ladha iliyokolea zaidi.

Mhasibu Mstaafu

Nakubaliana na Mpishi kuhusu samaki, ila naomba niitetee kidogo bei ya baa, kwa sababu kulinganisha bili na gharama ya viungo peke yake hakumtendei haki mwenye baa.

Chukua mlo wa pauni 18. Chakula cha mgahawani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, kwa hiyo pauni 3 kati ya hizo 18 huenda serikalini hata kabla mwenye baa hajalipa mshahara, pango, gesi na bima. Viazi, samaki mbichi, nyama na mboga unazonunua dukani hutozwa kodi hiyo kwa kiwango cha sifuri. Pengo hilo linaeleza sehemu ya tofauti unayoiona, wala halitokani na tamaa ya mtu yeyote. Serikali yenyewe ililitambua hilo wakati wa janga la korona: Julai 2020 ilishusha kodi ya milo hadi asilimia 5, na mwezi Agosti wa mwaka huo ikalipia nusu ya bili za Jumatatu hadi Jumatano, kwa kikomo cha pauni 10 kwa kila mlaji. Aprili 2022 kodi ilirudi kwenye asilimia 20, na bei tunazolalamikia leo zinaibeba.

Jambo la pili ni idadi ya walaji, ambalo naona ndilo linaloamua mambo kuliko aina ya chakula. Kwa watu wanne, jiko la nyumbani litashinda kwa hesabu karibu kila mara. Kwa mtu mmoja kama mimi, ninayeishi peke yangu tangu watoto waondoke, hali hugeuka. Mlo ninaoupenda ni nyama ya kuoka ya Jumapili, yaani pande la nyama ya ng'ombe likiwa na viazi vya kuoka, karoti, mboga za majani, Yorkshire pudding (kitumbua cha rojo la unga, mayai na maziwa kilichookwa) na mchuzi. Pande dogo la kumtosha mtu mmoja hukauka haraka katika oveni, na oveni yenyewe itawaka saa mbili kwa ajili ya sahani moja, huku nusu ya mboga zikisubiri kuharibika. Baa inapooka pande kubwa kwa ajili ya wateja 50, mimi napata kipande kilichoiva vizuri zaidi ya nitakachokipata kwangu kwa juhudi yoyote. Wewe, dada, una watu wanne mezani: nunua kuku wa kilo moja na nusu, muoke kwa saa moja na dakika 20 hivi, na mifupa yake ikupe supu ya Jumatatu. Nyama ya Jumapili ya baa tuachie sisi wapweke.

Bint wa Pwani

Asalaam aleikum. Naona hakuna aliyegusia suala ambalo kwa familia nyingi za kwetu ndilo la kwanza, nalo ni kilichomo ndani ya vyakula hivi.

Mchuzi wa pai ya nyama katika baa za Uingereza mara nyingi hutengenezwa kwa bia, na rojo la samaki vilevile. Kuna wanaodhani kwamba pombe yote hupotea jikoni, lakini sivyo. Hupungua kadiri chakula kinavyokaa motoni, na samaki hukaa kwenye mafuta dakika chache tu. Chipsi nazo, hasa huko kaskazini mliko, baadhi ya sehemu huzikaanga katika mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, na viazi vya Jumapili huweza kuokwa kwa mafuta ya ng'ombe au ya bata bukini. Sheria inamlazimu muuzaji kukueleza vizio 14 vya mzio vilivyomo katika chakula, kama vile maziwa, mayai, samaki na ngano, lakini pombe haimo katika orodha hiyo, wala namna mnyama alivyochinjwa. Kwa hiyo kimya cha menyu si ushahidi wa lolote. Ni lazima kuuliza, na kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa sababu hiyo nyumbani kwetu samaki tunamkaanga wenyewe, pamoja na taabu zote alizozitaja Mpishi. Kinacholifanya rojo la bia kuwa jepesi ni zaidi mapovu ya gesi, kwa hiyo maji ya soda yaliyo baridi sana hufanya kazi hiyo vizuri. Tunakaanga mnofu mmoja mmoja ili joto lisishuke, na waliokwisha kukaangwa hungoja katika oveni ya moto mdogo. Ganda halifikii la mashine, nakiri, lakini tunakula bila wasiwasi.

Hata hivyo baa naenda. Ninachoagiza ni sahani ya mkate, jibini, tufaha na achari ya vitunguu, ambayo Waingereza huiita mlo wa mkulima. Mkate na jibini ni chakula cha kale cha watu wa mashamba, lakini jina hilo lilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia kutokana na kampeni za wauzaji wa jibini. Kwa kipimo cha Mama Wawili huu ndio mlo usiostahili kabisa kulipiwa, kwa sababu hakuna aliyepika chochote. Nami naulipia kwa moyo mweupe kila kiangazi, kwa sababu ninachokitaka ni kukaa bustanini mwa baa jioni yenye mwanga hadi saa tatu, watoto wakikimbia majanini, na mama yao asiwe na sahani za kuosha. Hapo naona mume wa Mama Wawili ana hoja ambayo hesabu haiwezi kuifuta.

Mkaazi wa Zamani

Mchango wangu ni mfupi. Tunazungumza kana kwamba baa zimekuwa zikipika tangu zamani, ilhali kwa muda mrefu nyingi zilikuwa za kinywaji, na mwenye njaa alipata sandwichi au mayai ya achari. Katika miaka ya 1950 ndugu wa familia ya Berni walianza huko Bristol migahawa yao ya steki na chipsi iliyowazoesha watu wa kawaida kula nje; mwaka 1991 baa ya The Eagle, mtaa wa Clerkenwell jijini London, ikaonyesha kwamba chakula kizuri cha mgahawa kinaweza kuliwa kwenye meza za baa bila vitambaa; na marufuku ya sigara ya mwaka 2007 hapa England ikawavuta wenye familia waliokuwa wakikaa mbali na moshi. Leo ziko baa zinazoendeshwa na jiko lake kuliko bia yake. Anayekula pale anasaidia mlango usifungwe, na hilo lina uzito mkubwa vijijini ambako baa ndiyo sehemu pekee ya kukutana.

Mlo wangu ni steki na chipsi, tangu ujana.

Mama Wawili

Nawashukuru nyote, hasa kwa suala la idadi ya walaji, ambalo sikulifikiria kabisa. Tumesoma pamoja na mume wangu na tumekubaliana: samaki tutamla baa, pai itarudi nyumbani. Mpishi, naomba swali la mwisho. Je, mchuzi wa pai unaweza kupata kina kile kile bila bia? Tunao wageni Waislamu mwezi ujao.

Mpishi wa Zamu

Unaweza, dada. Kwa wageni hao anza na nyama iliyochinjwa kihalali. Kaanga vipande kwa awamu mpaka viwe kahawia iliyokolea, kwa sababu sehemu kubwa ya ladha hutoka hapo, na sufuria ikijazwa kupita kiasi nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Itoe nyama, kaanga vitunguu vingi polepole hadi vilainike na kuwa vya dhahabu, tia nyanya ya kopo iliyokolea vijiko viwili na uiache iive dakika mbili, kisha unga kijiko kimoja, halafu supu ya mifupa ya ng'ombe. Uchungu kidogo ambao bia huleta unaweza kuupata kwa haradali na uyoga uliokaangwa hadi ukakauka. Funika, weka katika oveni ya nyuzijoto 150 kwa saa tatu.

Kwa Mkaazi wa Zamani, kwa heshima zote: steki ndiyo kitu ambacho ningekushauri upike mwenyewe. Kikaango kizito cha chuma, moto mkali na dakika chache vinatosha, na tofauti ya bei ni kubwa mno.

Pai isifunikwe kabla nyama haijapoa kabisa, kwa sababu mvuke hulainisha ganda kwa chini na haliumuki. Paka yai juu, toboa tundu katikati, na uoke kwa nyuzijoto 200 kwa dakika 35 hivi.