Bronx, New York: mwenye nyumba anatutisha na uhamiaji

Ndugu zangu, shikamooni. Mimi na mwenzangu, wote wanawake, tumepanga chumba mwaka mzima. Juzi mwenye nyumba katukuta ngazini tumeshikana mikono. Jioni kabandika karatasi mlangoni: tuhame, la sivyo ataita uhamiaji. Makaratasi sina bado. Nina haki yoyote?

Jibu: Pole sana mdogo wangu. Msihame! Sheria ya haki za binadamu ya jiji la New York inakataza kumbagua mpangaji kwa sababu ya anayempenda au hali yake ya uhamiaji. Mkishakaa siku 30, hawezi kuwatoa bila amri ya mahakama. Pigeni picha karatasi hiyo. Kisha piga 311, namba ya simu ya huduma za jiji, sema tu "Swahili", mkalimani ni bure. Usichelewe, malalamiko yana muda wake.

Jibu: Chukueni na IDNYC, kitambulisho cha jiji la New York. Ni bure, hawaulizi hali ya uhamiaji, na jinsia unachagua mwenyewe. Mimi nilijaza X, yaani si mwanamume wala mwanamke. Ila si kibali cha kazi.

Muulizaji: Asanteni mno. Karatasi nilishaichana kwa hasira, nimeiunga na selotepu. Napiga sasa hivi.